Mfamasia na duka la dawa la kijijini: kazi yao, mipaka yao na haki zako

Ukiugua ukiwa kijijini Kilolo, Mufindi, Rungwe au Mbarali, mtu wa kwanza kukuhudumia mara nyingi si daktari. Ni mtoa dawa aliye nyuma ya kaunta ya duka la dawa pale senta. Zahanati inaweza kuwa mbali, ikawa na foleni ndefu, au dawa ulizoandikiwa zikawa zimeisha. Duka la dawa liko karibu, hufunguliwa mapema na kufungwa usiku, na mwenye duka huenda anakufahamu kwa jina.

Ukaribu huo unaokoa maisha pale mtoa dawa anapojua kazi yake. Asipoijua, au akijali mauzo tu, ukaribu huohuo unaweza kumchelewesha mgonjwa kufika hospitali. Makala hii inaeleza nani ni nani katika maduka ya dawa, nini wanaruhusiwa kufanya, nini hawaruhusiwi, na maswali ambayo wewe msikilizaji una haki ya kuyauliza kabla ya kutoa hela.

Nani ni nani kwenye kaunta

Watu wengi humwita kila anayeuza dawa "daktari". Kwa kweli kuna ngazi kadhaa.

Mfamasia ni mtaalamu wa dawa mwenye shahada ya chuo kikuu. Amesomea dawa zinavyotengenezwa, zinavyofanya kazi mwilini, zinavyogombana na dawa nyingine, na zinavyotunzwa. Chini yake yupo fundi dawa sanifu mwenye stashahada. Ngazi ya kijijini yupo mtoa dawa, ambaye amepata mafunzo maalumu ya kuhudumia katika duka la dawa muhimu.

Maduka nayo yamegawanyika. Famasi ni duka kubwa linalosimamiwa na mfamasia na linaloruhusiwa kuuza dawa za aina nyingi, zikiwemo zinazohitaji cheti cha daktari. Famasi nyingi ziko mijini: Mbeya mjini, Iringa mjini, Tunduma, Makambako, Mafinga. Duka la dawa muhimu, au DLDM kwa kifupi, ndilo linalopatikana vijijini na kwenye miji midogo. Linaruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti pamoja na orodha fupi ya dawa zinazohitaji cheti.

Baraza la Famasi, lililopo kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, ndilo linalosajili wataalamu na kusimamia maduka hayo. Ubora na usalama wa dawa zenyewe uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 iliitwa TFDA. TMDA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya.

Duka la dawa muhimu lilianzaje

Wazee wanakumbuka duka la dawa baridi. Kisheria maduka hayo yalitakiwa kuuza dawa ndogo tu, kama za maumivu na kikohozi, zisizohitaji cheti. Lakini wateja walihitaji zaidi, na wauzaji waliuza zaidi. Dawa za vijasumu, na wakati mwingine hata sindano, ziliuzwa kwa siri na watu ambao hawakuwa na mafunzo ya kutosha.

Serikali ilikuwa na njia mbili: kuyafunga maduka hayo na kuwaacha wanavijiji bila dawa, au kuyaboresha. Ilichagua kuyaboresha. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma, hapa hapa kusini. TFDA ilishirikiana na shirika la Management Sciences for Health, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates.

Mpango ulikuwa wa kutoa na kupokea. Mwenye duka alitakiwa kurekebisha jengo, kutunza kumbukumbu, kununua dawa kutoka vyanzo halali na kuajiri mtoa dawa aliyefunzwa. Wengi wa waliofunzwa walikuwa wauguzi wasaidizi. Naye aliruhusiwa kisheria kuuza baadhi ya dawa za cheti ambazo zamani aliziuza kwa kificho. Ukaguzi ulishushwa hadi ngazi ya kata, kwa sababu mkaguzi kutoka makao makuu hawezi kufika kila kijiji.

Matokeo yalionekana. Kabla ya mpango, dawa 26 katika kila 100 zilizokutwa kwenye maduka ya Ruvuma hazikuwa zimesajiliwa nchini. Baada ya mpango zilishuka hadi 2 katika kila 100. Mpango ukapelekwa Morogoro, Mtwara na Rukwa, kisha nchi nzima, ikiwemo mikoa ya Mbeya na Iringa.

Mtoa dawa mzuri huuliza kabla ya kuuza

Ukifika dukani na kusema "nipe dawa ya homa", mtoa dawa mzuri hakimbilii kwenye shelfu. Atakuuliza: Mgonjwa ni nani, ana umri gani, ana uzito gani? Ameanza kuumwa lini? Ametumia dawa gani nyumbani? Kuna dawa anazotumia kila siku? Kama ni mwanamke, ana ujauzito au ananyonyesha? Kuna dawa iliyowahi kumdhuru?

Usikasirikie maswali hayo. Dozi ya mtoto hutegemea uzito wake. Dawa inayomfaa baba inaweza kumdhuru mjamzito. Anayekuuzia bila kuuliza chochote anabahatisha.

Kazi ya pili ni kukuelekeza. Kuna hali ambazo duka la dawa halina uwezo nazo, na mtoa dawa mwaminifu atakwambia uende zahanati hata kama atakosa mauzo. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, dalili za hatari ni hizi: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea sana na haamki vizuri. Mtoto mwenye mojawapo ya dalili hizi apelekwe kituo cha afya mara moja, hata usiku.

Kuna jambo la tatu. Duka la dawa muhimu si zahanati. Haliruhusiwi kuchoma sindano, kutundika dripu wala kulaza mgonjwa. Ukiona kitanda nyuma ya pazia dukani, ujue hapo sheria imevunjwa.

Si kila homa ni malaria

Nyanda za Juu Kusini zina hali tofauti za hewa ndani ya mkoa mmoja. Kyela, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na bonde la Usangu wilayani Mbarali ni maeneo ya joto yenye mbu, na malaria ipo. Kwenye vilima vya Mufindi au safu za Poroto baridi ni kali na malaria ni chache. Hata hivyo, hukohuko kwenye baridi bado kuna watu wanaonunua dawa mseto kila wanaposikia homa.

Homa inaweza kutokana na nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya matumbo na magonjwa mengine mengi. Anayemeza dawa ya malaria wakati ana nimonia anapoteza siku mbili au tatu za kupata tiba sahihi. Kwa mtoto mdogo siku hizo ni nyingi mno. Pima kwanza zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya muda mfupi.

Ukikutwa na malaria ya kawaida, dozi ya dawa mseto ya ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Meza pamoja na chakula, hasa chenye mafuta kidogo, au maziwa, ili dawa iingie vizuri mwilini. Maliza vidonge vyote hata kama umepata nafuu siku ya pili.

Mtoto anayeharisha na mtoto anayekohoa

Mtoto anayeharisha, mara nyingi hatari kubwa ni kupoteza maji mwilini. Tiba ya msingi inapatikana karibu kila duka la dawa muhimu: ORS na vidonge vya zinki. Pakiti ya ORS ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi na salama. Pima kwa chupa ya lita, usikadirie kwa macho, kwani mchanganyiko ukiwa mzito mno unaweza kumdhuru mtoto. Ukipita muda wa saa 24, mwaga na utengeneze mwingine.

Zinki hutolewa kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kuharisha kwingi hakuhitaji dawa ya vijasumu. Lakini ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, nenda kituo cha afya.

Kwa mtoto anayekohoa, angalia pumzi yake akiwa ametulia. Hesabu anapumua mara ngapi kwa dakika moja kamili. Saa ya simu yako inatosha. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 hadi 5 akipumua mara 40 au zaidi, inaweza kuwa nimonia. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, usipoteze muda dukani. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiugua, mpeleke kituoni moja kwa moja.

Dozi nusu ni hasara kamili

Hela ikiwa kidogo, wengi huomba "nipimie za elfu moja", na kupewa vidonge sita vya amoksilini vilivyokatwa kwenye pakiti. Wanapata nafuu kidogo, wanaacha. Vijasumu dhaifu vimekufa, vile vikali vimebaki na kujifunza kuishi na dawa. Wataalamu wanaita hali hii usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Watanzania wameiona kwa macho yao. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria iliyojulikana kila nyumba, pamoja na muwasho wake. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 nchi ikahamia dawa ya SP. Nayo ilianza kushindwa, na mwaka 2006 ikaamuliwa kutumia dawa mseto. Kila dawa inayoshindwa, inayofuata huwa ghali zaidi au ngumu zaidi kupatikana. Serikali iliandaa mpango wa taifa wa kupambana na usugu huu ulioanza mwaka 2017, na maduka ya dawa ni sehemu kubwa ya vita hiyo.

Hapa mfamasia na mtoa dawa wana kazi ngumu ya kusema hapana. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Mtoa dawa anayekukatalia dawa ya vijasumu kwa mafua na kukupa parasetamoli na ushauri wa kunywa vitu vya moto hajakunyima huduma. Amekuhudumia. Kama dawa ya vijasumu inahitajika kweli kwa cheti na hela haitoshi, mwambie wazi. Huenda ipo aina ya bei nafuu yenye kazi ileile.

Wafugaji nao wanahusika. Kuna wanaofungua kapsuli za dawa za binadamu na kuzichanganya kwenye maji ya kuku, na wengine huuza maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano jana yake. Vijasumu sugu havijali kama vilianzia bandani au nyumbani. Dawa ya mifugo ipatikane kwa ushauri wa mtaalamu wa mifugo, na siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa, mayai au nyama ziheshimiwe.

Kwa wanaotumia dawa kila siku

Mikoa yetu ina mzigo mkubwa wa VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure kliniki ya CTC na haziuzwi dukani. Hata hivyo mtumiaji wa dawa hizo huenda dukani kwa mambo mengine, na hapo ndipo ushauri unapohitajika.

Mfano ni dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Zikimezwa pamoja na TLD, huzuia TLD isiingie vizuri mwilini. TLD imezwe saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu navyo vinahitaji ushauri. Anayetumia TLD akianza dawa za kifua kikuu, au metformini kwa ajili ya kisukari, kliniki zote mbili ziambiwe ili dozi irekebishwe. Huna haja ya kutaja ugonjwa wako mbele ya foleni: omba kuongea pembeni, au onyesha tu pakiti ya dawa.

Mkulima mwenye maumivu ya mgongo baada ya palizi hupenda kununua diklofenaki. Kwa mwenye shinikizo la damu, vidonda vya tumbo au tatizo la figo, dawa hiyo ikitumiwa mfululizo inaweza kumharibia zaidi. Mjamzito asiitumie bila kuambiwa na mtaalamu. Na kwa wapenzi wa ulanzi au komoni: ukipewa metronidazoli, acha pombe hadi umalize dozi na siku kadhaa zaidi. Parasetamoli nyingi pamoja na pombe nyingi huumiza ini.

Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi, anayetoka jasho usiku na kupungua uzito, asiendelee kununua dawa za kikohozi. Aelekezwe kupima kifua kikuu. Kupima na kutibiwa ni bure.

Dawa salama, dawa ya mashaka

Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walipoteza maisha kwa matatizo ya figo yaliyohusishwa na dawa za maji za kikohozi na homa zilizochafuliwa na kemikali zenye sumu. Msiba ule ulionyesha kwa nini dawa isinunuliwe mnadani, kwenye basi wala kwa mchuuzi mwenye begi. Ikikudhuru, hutajua umtafute nani.

Dukani, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na kama pakiti imefungwa vizuri. Vidonge vilivyobadilika rangi au kubomoka usivipokee. Ukikuta dawa yenye alama ya GOT au MSD inauzwa, ni mali ya serikali iliyotakiwa kuwa kituoni. Ikiuzwa dukani, kuna mgonjwa zahanati aliyeambiwa "dawa hakuna".

Nyumbani, tunza dawa pakavu, mbali na jua, jiko na watoto. Usiweke dawa ya maji kwenye chupa ya soda, na kamwe usitumie chupa iliyokuwa na dawa ya kuulia wadudu shambani.

Yanayokwamisha

Wafamasia wengi hufanya kazi mijini, kwa hiyo kijiji humtegemea mtoa dawa mmoja. Akihama au akienda likizo, wakati mwingine mwenye duka humweka ndugu ambaye hajafunzwa. Pia duka ni biashara: lina kodi na mishahara ya kulipa, na mteja aliyekataliwa dawa anaweza kwenda duka la jirani akapewa. Ndiyo maana ukaguzi peke yake hautoshi. Wateja wakianza kudai ushauri na dozi kamili, duka linalofuata taratibu halitapata hasara kwa uaminifu wake.

Ukifika dukani, fanya haya

Angalia kama kibali cha duka kimebandikwa ukutani na kama mtoa dawa amevaa koti na kitambulisho. Kisha uliza:

1. Dawa hii inaitwaje na inatibu nini?
2. Nimeze kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi?
3. Nimeze kabla au baada ya kula?
4. Inagombana na dawa nyingine ninazotumia, au na pombe?
5. Nikipata madhara gani niache na kurudi?
6. Nisipopata nafuu, baada ya siku ngapi niende kituoni?

Omba maelezo yaandikwe kwenye pakiti au bahasha, na udai risiti. Ukipata vipele, kuvimba midomo au kupumua kwa shida baada ya kumeza dawa, acha na ukimbilie kituo cha afya ukiwa na pakiti yake. Mtaalamu atajaza fomu ya njano inayopelekwa TMDA, na taarifa yako inaweza kumkinga mtu mwingine.

Kwa ushauri wa afya unaweza kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo. Malalamiko kuhusu duka la dawa yapelekwe kwa mfamasia wa halmashauri yako, anayepatikana katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya.